Umakini, muktadha na kumbukumbu

Mtu hukumbuka jambo kwa urahisi zaidi akiwa katika mazingira yanayofanana na yale alimojifunzia. Hali hii huitwa kumbukumbu ya kimuktadha. Mwaka 1973 Endel Tulving na Donald Thomson waliitolea kanuni: kidokezo hufaa pale tu kilipohifadhiwa akilini pamoja na jambo lenyewe tangu mwanzo.

Jaribio mashuhuri la kumbukumbu ya kimuktadha lilifanywa na Duncan Godden na Alan Baddeley, karibu na mji wa Oban, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 1975. Wapiga mbizi 16 walisikilizishwa orodha za maneno 36, mara wakiwa ufukweni, mara wakiwa mita 6 hivi chini ya maji, kisha wakaulizwa mahali pale pale au pale pengine, na kila mmoja alipitia mipangilio yote minne. Walichojifunza nchi kavu walikikumbuka kwa wastani wa maneno 13.5 wakiulizwa nchi kavu, lakini 8.6 tu wakiulizwa majini. Walichojifunza majini kilitoa 11.4 majini na 8.4 nchi kavu. Je, hangaiko la kuzama na kuibuka ndilo lililowasahaulisha? Watafiti walilipima hilo peke yake, wakakuta halikuleta tofauti ya maana.

Vitabu vingi vya saikolojia huishia hapo, navyo hukosea. Mwaka 1980 watafiti hao hao waliwapa wapiga mbizi maneno wayatambue, badala ya kuyataja wenyewe, na athari ya mahali ikatoweka. Jaribio la awali liliporudiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2021, athari haikuonekana kabisa.

Umakini una uzito zaidi. Mwaka 1959 Neville Moray aliwasomea watu maneno machache mara 35 katika sikio moja huku wakifuatilia habari nyingine kwa sikio la pili, baadaye hawakuyatambua. Fergus Craik na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba kazi ya pili inayofanywa wakati wa kujifunza huharibu kumbukumbu vibaya, ilhali ikifanywa wakati wa kukumbuka hudhuru kidogo tu. Kwa hiyo simu iliyo mezani wakati wa kusoma ni hatari kuliko ugeni wa ukumbi wa mtihani. Ugeni huo una dawa nyepesi: mwaka 1979 Steven Smith aligundua kwamba watu waliohamishiwa chumba kingine, wakaambiwa kwanza wakiwaze chumba walimojifunzia, walikumbuka karibu sawa na waliorudishwa humo.