Matembezi ya Vikundi Milimani Dodoma: Taratibu, Usalama na Wajibu wa Mshiriki

Matembezi ya vikundi milimani ni mazoezi ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuyafanya bila uwanja wala vifaa vya gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Hapa nchini, Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi kuitumia Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa mazoezi.

Mkoa wa Dodoma una mazingira yanayofaa kwa shughuli hiyo. Jiji lipo katika uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na limezungukwa na vilima vya majabali. Hata hivyo, jua kali, uhaba wa maji na makorongo yanayofurika ghafla vinaweza kuyageuza matembezi ya asubuhi moja kuwa maafa. Katika kikundi kinachoongozwa na watu wa kujitolea, kinga ya kwanza ni kila mshiriki kutambua kwamba usalama ni jukumu la wote.

Maana ya kiongozi wa kujitolea

Klabu za aina hii zina historia ndefu Afrika Mashariki. Mfano ni Mountain Club of Kenya, ambayo wanachama wake wamekuwa wakipanga safari na kuongozana wao kwa wao, na iliyochapisha kitabu cha mwongozo wa Mlima Kenya na Kilimanjaro. Katika utaratibu huo, kiongozi ni mwanachama mwenye uzoefu anayetoa muda wake bila malipo. Huchagua njia, hupanga muda na hufanya uamuzi wa kuendelea au kurudi. Hawezi kumbebea mshiriki maji, wala kuutambua ugonjwa ambao mwenye nao ameuficha.

Michango ya wanachama kwa ajili ya usafiri, vibali na dawa za huduma ya kwanza ni jambo la kawaida. Kuongoza watalii kwa malipo ni suala jingine, kwa kuwa biashara ya utalii huhitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Mwananchi anayetakiwa kulipa fedha anayo haki ya kuuliza fedha hizo ni za nini na anayezipokea ni nani.

Klabu yenyewe inapaswa kuwa na usajili unaolingana na shughuli zake. Vyama vya kijamii husajiliwa na Msajili wa Vyama chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Klabu za michezo husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Katiba ya klabu na orodha ya viongozi wake ni nyaraka ambazo mwanachama mpya anaweza kuomba kuziona.

Ruhusa kabla ya safari

Kilima kuonekana wazi hakumaanishi kwamba hakina mwenyewe. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kwa hiyo kikundi hutakiwa kutoa taarifa kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji mapema. Taarifa hiyo ni heshima kwa wenyeji, ambao baadhi yao hutumia vilima na mapango kwa matambiko. Pia ni kinga, kwa kuwa kikundi kikichelewa kurudi, wenyeji hujua pa kuanzia kukitafuta.

Hifadhi za misitu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mapori ya Akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, yenye wanyama wakali wakiwemo tembo, yapo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Hayaingiwi bila kibali. Aidha, kwa kuwa Dodoma ni Makao Makuu ya nchi, baadhi ya vilima vina mitambo ya mawasiliano au vipo jirani na maeneo ya ulinzi. Mabango ya katazo la kuingia au kupiga picha hayana budi kuzingatiwa.

Michoro ya miambani Kondoa

Kivutio kikubwa kwa watembezi wa kanda hii ni michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na zaidi ya miamba 150 yenye michoro, ambapo Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951. Wageni hujiandikisha Kolo, takribani kilomita 180 kaskazini mwa Jiji la Dodoma kwa barabara ya Babati.

Michoro hiyo haipaswi kuguswa, kumwagiwa maji ili rangi ionekane vizuri katika picha, wala kuandikwa majina pembeni yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu urithi wa aina hiyo. Rangi iliyodumu kwa karne nyingi ikifutika, hakuna fundi wa kuirudisha.

Majira na hali ya hewa

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Katika kipindi hicho korongo lililokuwa na mchanga mkavu asubuhi linaweza kujaa maji mchana, hata kama mvua imenyesha mbali. Kikundi hakipaswi kuvuka maji yanayotembea kwa kasi. Oktoba na Novemba joto la mchana huweza kuzidi nyuzi 30, na miti mingi hutoa kivuli kidogo. Juni hadi Agosti ndicho kipindi chenye nafuu, ingawa asubuhi huwa na baridi na upepo.

Mlima Hanang mkoani Manyara, wenye urefu wa mita 3,420, huhitaji tahadhari zaidi, kwani hewa yake ni nyepesi na kilele chake hufunikwa na ukungu mara kwa mara. Maporomoko ya tope yaliyotokea Desemba 3, 2023 katika miteremko yake na mji wa Katesh yalisababisha vifo vya watu zaidi ya 80. Utabiri na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husomwa siku moja kabla ya safari na asubuhi ya safari yenyewe.

Wajibu wa mshiriki

Kabla ya kuondoka, mshiriki humweleza kiongozi hali yake ya afya, hasa pumu, shinikizo la damu, kisukari, ujauzito au mzio wa nyuki. Huacha nyumbani taarifa ya njia itakayotumika na saa ya kurudi. Hubeba maji yasiyopungua lita 3 kwa matembezi ya nusu siku, kofia, viatu vilivyofunika mguu, chakula, tochi na simu yenye chaji.

Njiani, mtu mmoja mzoefu hutangulia na mwingine hufunga msafara. Watu huhesabiwa mwanzoni, katika kila mapumziko na mwishoni. Mwendo hupangwa kwa kumfuata aliye mzito kuliko wote. Saa ya kugeuza hukubaliwa mapema na kuheshimiwa hata kama kilele kinaonekana, kwa sababu giza huingia haraka baada ya jua kuzama.

Nyuki wakishambulia, watu hufunika uso na kukimbia mbali bila kuwapiga. Aliyeumwa na nyoka hutulizwa, kiungo kilichoumwa hakitikiswi, na hupelekwa kituo cha afya mara moja. Jeraha halichanjwi, halinyonywi wala halifungwi kamba ya kubana. Aliyezidiwa na joto na kuanza kuchanganyikiwa huwekwa kivulini, hupozwa mwili kwa maji na kuwahishwa hospitali.

Wakati wa dharura, wananchi wapige simu bila malipo namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 ya Polisi, na kutaja kijiji, alama iliyo karibu na idadi ya watu. Kwa kuwa mtandao wa simu haufiki kila bonde, kikundi hutambua kabla ya safari mahali pa mwisho panapopatikana mawasiliano.