Upande wa Chini wa Gati la Swanage

Magati mengi ya Uingereza yamepata waandishi wa habari zake, na karibu waandishi wote hao walisimama juu ya mbao. Wamehesabu meli zilizofunga kamba, abiria walioshuka, fedha zilizoingia na fedha zilizopotea. Kisha, meli zilipokoma, wakafunga kitabu. Gati la Swanage, katika jimbo la Dorset kusini ya nchi hiyo, laonyesha vema upungufu wa desturi hii. Ikiwa habari zake zaishia penye meli, basi gati hili lilikufa mwaka 1966. Walakini miaka minane kabla ya mauti hayo watu walikuwa wamekwisha kuanza kushuka ngazi zake na kuingia majini, mitungi ya hewa migongoni, na wangali wakishuka hata leo. Wavutwao na gati hili kwa namna hiyo huijia sehemu yake ambayo wajenzi hawakukusudia ionwe na mtu.

Mji wenyewe u katika ghuba ndogo ielekeayo mashariki, ukingoni mwa rasi ya Purbeck, na riziki yake ya kale ilikuwa mawe. Kabla ya kuwapo gati, upakiaji ulikuwa wa taabu kubwa: magari ya farasi yaliingizwa baharini, mawe yakahamishiwa mashuani, na mashua zikayapeleka kwenye merikebu zilizotia nanga mbali kidogo. Gati la kwanza lilijengwa kati ya 1859 na 1861 ili kuondoa taabu hiyo, na miongoni mwa waliolipigania alikuwa John Mowlem, mwenyeji wa mji aliyetajirika London kwa kazi ya ujenzi. Likatandikwa njia ya chuma, na farasi wakayakokota mawe mpaka ubavuni mwa merikebu. Zile merikebu hazikurudi tupu. Zilichukua mabaki ya majengo yaliyobomolewa London, hata mnara uliojengwa karibu na Daraja la London kwa kumkumbuka Wellington ukaja kusimamishwa ufukoni Swanage, na ungali upo. Ni mji uliouza mawe yake ukajipamba kwa mawe ya wengine.

Reli ilipofika Swanage mwaka 1885, mawe yalipata njia nyingine. Biashara iliyobaki ya gati ilikuwa watu: tangu 1874 meli za moshi zilileta wageni kutoka Poole na Bournemouth, nao hawakupenda kushuka penye vumbi na mawe. Kwa hiyo gati la pili likaanza kujengwa mwaka 1895 kando ya lile la kwanza, likafunguliwa rasmi mwaka 1897, lenye urefu wa karibu mita 200. Lile la kale halikubomolewa wala halikutunzwa. Liliachwa. Katika vita vya pili vya dunia magati mengi ya pwani ya kusini yalikatwa makusudi ili adui asiyapate kuwa daraja, na la Swanage halikusalimika. Baada ya vita likaungwa tena, meli zikarudi kwa muda, na 1966 meli ya mwisho ya safari za kawaida, Embassy, ikaondoka.

Hayo ndiyo masimulizi ya juu. Chini yake kazi nyingine ilikuwa ikiendelea tangu siku nguzo ya kwanza ilipopigwa mchangani, na wafanyaji wake hawakuandikwa katika daftari yoyote ila ile ya gharama. Mti uliotiwa baharini huvamiwa na viumbe wa namna mbili hasa. Wa kwanza wazee wa mabaharia walimwita mnyoo, ingawa si mnyoo. Ni wa jamaa moja na chaza na kome, mwenye mwili mrefu laini na magamba mawili madogo kichwani atumiayo kama tupa. Huingia ndani ya mti akiwa mdogo hata hauonekani mlango wake, kisha hukua humo akichimba, na nguzo iliyo nzima kwa nje yaweza kuwa imekuwa sega kwa ndani. Wa pili ni jamaa ya kamba na kaa, asiyezidi milimita chache, naye hula kutoka nje, hata nguzo ikakondeana penye usawa wa maji kama kiuno cha nyigu. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar wamjua vema huyo wa kwanza, na ndiyo sababu ya kukivuta chombo pwani na kukipaka shahamu chini. Wadachi walimjua kwa hofu zaidi, kwani katika miaka ya 1730 alizila boriti za kuta zizuiazo bahari isifunike nchi yao, wakalazimika kutumia mawe. Mhandisi Marc Brunel alimtazama kwa jicho jingine; alipata kwake wazo la chombo cha kuchimbia chini ya ardhi, akakipatia hati mwaka 1818, na kwa njia hiyo ukachimbwa mtaro upitao chini ya mto Thames, uliofunguliwa mwaka 1843. Ni vigumu kumtaja kiumbe mwingine asiye na macho aliyewafunza watu mengi hivyo huku akiwatia hasara.

Kwa muda wa miaka mia, basi, waliokwenda chini ya magati walikwenda kwa sababu ya kazi. Walivaa kofia nzito ya shaba na viatu vya risasi, wakapelekewa hewa kwa bomba na watu waliokaa juu wakisukuma pampu. Mzamiaji wa namna hiyo alikuwa kibarua wa nguzo: alikagua, alifunga, alikata. Hapana aliyefikiri kumlipisha mtu ada ili aende kutazama.

Lililogeuza mambo lilitoka Ufaransa, tena katikati ya dhiki. Wakati wa vita petroli ilikuwa adimu, na magari mengi ya huko yaliendeshwa kwa gesi. Mhandisi Émile Gagnan alikuwa ameunda valvu ya kuipa injini gesi kwa kadiri iitakayo, bila kuzidi wala kupungua. Jacques Cousteau, afisa wa jeshi la majini, alikuwa akitafuta kitu kitakachompa mtu hewa kwa kanuni hiyo hiyo. Jaribio la kwanza lilifanywa katika mto Marne, mapema mwaka 1943, nalo lilikuwa na kasoro ya kuchekesha: mzamiaji alipolala hewa ilikuja sawasawa, alipojiinua ikamwagika ovyo. Ikagunduliwa kwamba mahali pa kutokea pumzi na mahali pa kuingilia havikuwa katika usawa mmoja wa maji. Viliposogezwa pamoja, chombo kikatii. Yafaa kukumbuka kwamba Rouquayrol na Denayrouze, Wafaransa pia, walikuwa na valvu ya jinsi hiyo tangu miaka ya 1860. Ila wakati wao haikupatikana mitungi ya kuweza kuchukua hewa nyingi iliyoshindiliwa. Mara nyingine uvumbuzi hungoja chuma chake.

Chombo hicho kilivuka mlango wa bahari. Mwaka 1953 chama cha wazamiaji wa Uingereza kilianzishwa London, na mwaka 1958 shule ya uzamiaji ikafunguliwa gatini Swanage. Yahesabiwa kuwa ya kwanza kwa umri katika nchi hiyo. Si vigumu kuona kwa nini mahali hapo palichaguliwa. Kilima cha kusini chakinga ghuba na upepo uvumao zaidi. Maji hayapandi wala hayashuki kwa kiasi kikubwa kama katika pwani nyingi za Uingereza. Ngazi ziko tayari, mtu hana haja ya mashua, na gari huweza kuegeshwa juu ya gati lenyewe, hatua chache kutoka majini. Tena kina chake, hata mwisho wa gati, ni kama mita 5 hivi.

Juu ya kina hiki kidogo yafaa kutua kidogo, maana kimedharauliwa bila haki. Katika mita 30 mkazo ni mara nne ya ule wa juu ya maji, na mtungi huisha kwa kasi ya mara nne. Katika mita 5 ni mara moja na nusu tu, na mtu hukaa saa nzima na zaidi bila kuwania dakika zake. Anayezamia chini ya gati ana utajiri wa wakati ambao aendaye kilindini hana. Walakini asidhani kwamba ufupi wa maji ni usalama. Hewa iliyomo mapafuni hutanuka kwa kiasi kikubwa zaidi katika mita za mwisho karibu na uso wa bahari: kutoka mita 10 hadi juu huwa maradufu, lakini kutoka mita 30 hadi 20 huongezeka kwa theluthi tu. Mtu aliyejaza mapafu akazuia pumzi, kisha akapanda mita moja na nusu kwa hofu, aweza kuyapasua. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Chini ya gati mtu aweza kuyafika, akasimama kwa miguu yake, na bado asiujue.

Wengi wapitao Swanage wana haraka. Mashua huwachukua kutoka gatini hadi penye Kyarra, meli iliyopigwa kwa topido tarehe 26 Mei 1918 karibu na rasi ya Anvil, ikagunduliwa na wazamiaji mwishoni mwa miaka ya 1960 katika kina cha mita 30 hivi. Hapo pana shaba, pana mabamba, pana hadithi ya kusimulia jioni. Gati huachiwa wanafunzi na wale ambao bahari ya nje imewafungia mlango kwa upepo. Lakini hukumu ya thamani haiwezi kupimwa kwa urefu wa kamba. Kyarra ilizama siku moja, na chuma chake chaendelea kuliwa na chumvi. Chini ya gati ujenzi na ubomozi havijakoma kwa zaidi ya karne moja.

Ashukaye ngazi hupita kwanza penye nuru, kisha huingia kivulini, na macho hukawia kuzoea. Nguzo zimepangwa kwa safu, na nuru yapenya kati ya mbao kwa mistari. Penye jua nguzo zimevikwa mwani. Penye kivuli mwani hauwezi kuishi, na nafasi yake imetwaliwa na sifongo za rangi ya chungwa na viumbe laini vifananavyo na maua. Kaa wenye miguu mirefu hupanda nguzo kama watu wapandao minazi. Dome huja majira ya kuchipua kutafuta mahali pa kutaga. Na katika nyufa hukaa samaki mmoja mdogo ambaye wenyeji humpenda kupita wote: mnene wa mdomo, mwenye vishungi viwili juu ya macho kama nyusi zilizosimama, asiyekimbia mtu bali humtokea kumtazama. Dume la samaki huyu hushika tundu, huwapokea majike wakataga humo, kisha hulinda mayai hayo peke yake mpaka yaanguliwe.

Hapa ndipo penye fundo la jambo. Nyufa zipendwazo na samaki huyo ni dalili za kuoza. Nguzo nzima, ngumu, laini kama ilivyotoka kwa fundi, haina makao mengi. Nguzo iliyoliwa ina vyumba. Chama cha hisani kilichopewa gati katika miaka ya 1990 kiliona hesabu upande wa pili: nguzo isiyobadilishwa itaanguka, na ikianguka sakafu itafuata, na kivuli nacho kitakwenda. Matengenezo makubwa yalimalizika na gati likafunguliwa tena mwaka 1998, mengine yakafuata baadaye. Fedha zilitafutwa kwa bahati nasibu ya taifa, kwa ada za waingiao, na kwa vibao vidogo vya shaba vilivyopigiliwa juu ya mbao, kila kimoja na jina la aliyetoa au la marehemu wake. Mzamiaji hulipa ada yake mlangoni kama mvuvi na mtembezi. Hivyo fedha za mpenda nyufa husaidia kuondoa nguzo zenye nyufa. Naye hana njia nyingine, kwani asipolipa atapoteza zote.

Lile gati la mwaka 1861 liko karibu hapo, na njia ya pili ya jambo hili yaweza kuonekana huko bila maelezo. Hakuna aliyebadilisha nguzo zake. Sakafu imekwisha, reli ya farasi imebaki kipande ufukoni, na baharini vyasalia visiki vilivyopangwa safu mbili mbili, vyembamba penye usawa wa maji, ambavyo ndege hutua juu yake. Kivuli hakuna, wala sifongo hazikai penye jua kali. Katika visiki hivyo yule mchimbaji asiye na macho angali kazini, na mti uliobaki si mwingi.