Mwendo wa Miguu na Wepesi wa Akili Uzeeni

Mazoezi yanayodundisha moyo na kuharakisha pumzi kwa muda, kama kutembea upesi au kuogelea, yalienea kwa jina la erobiki baada ya kitabu cha mwaka 1968 cha Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani. Yeye alijali moyo na mapafu. Zamu ya ubongo ilifuata.

Mwaka 1975 mtafiti Waneen Spirduso alipima wepesi wa kuitikia ishara. Wazee waliozoea michezo walikaribiana na vijana wasiofanya mazoezi. Lakini huenda wazee hao walikuwa na afya njema tangu awali, na pingamizi hilo lilikuwa la haki kabisa.

Jibu lilihitaji jaribio la kuwagawa watu kwa kura. Mwaka 1999 Arthur Kramer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwagawa watu 124 wa miaka 60 hadi 75: kundi moja likatembea, jingine likanyoosha viungo. Baada ya miezi 6, waliotembea waliwashinda wenzao katika kazi za kuhamisha mawazo upesi na kupuuza vikengeushi. Kisha, mwaka 2011, ikaja habari ya kusisimua zaidi: hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ilikua kwa takriban asilimia 2 kwa wazee waliotembea mwaka mzima, huku ya wenzao ikisinyaa.

Matumaini yalipunguzwa mwaka 2015. Jaribio la miezi 24 kwa Wamarekani 1,635 wa miaka 70 hadi 89 halikuonyesha kwamba mazoezi yaliwazidishia akili kuliko masomo ya afya.