Mungu, Hongo na Maji: Swali la Imani katika Nchi ya Rufiji

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vimeelezwa mara nyingi kwa habari za pamba, kodi na viboko. Hizo ni sababu za kweli, lakini hazionyeshi kwa nini watu wasiokuwa na mtawala mmoja waliitika wito uliotoka Ngarambe, kijiji kilicho kusini ya Mto Rufiji. Waliitika kwa imani. Na imani hiyo ilikuwa na fikra zake juu ya Mungu, ambazo zastahili kupimwa kwa haki kama zipimwavyo fikra za dini nyinginezo.

Katika vilima vya Umatumbi na bonde la Rufiji, Mungu alijulikana kuwa ni mmoja, muumba, naye yu mbali. Haja za kila siku zilipelekwa kwa wahenga na kwa pepo. Miongoni mwa hao mkubwa alikuwa Bokero, mwenye makao yake Kibesa kando ya mto, na chini yake alikuwa Hongo, jina lisilopasa kuchanganywa na hongo iliyotozwa misafara. Wazee waliohojiwa na Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 walisimulia ya kuwa, katika 1904, Kinjikitile Ngwale alipagawa na Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto, na siku ya pili akatoka nguo zake zikiwa kavu. Kisha akajenga kijumba-nungu, yaani nyumba ya Mungu, kikubwa kuliko vile vilivyozoeleka, akawagawia watu maji yaliyosemwa kuwa yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji.

Jambo jipya hapa halikuwa dawa, kwani dawa za vita zilikuwako zamani. Jipya lilikuwa kwamba Mungu wa mbali amekaribia, na kwamba wahenga wa koo zote wanaombwa mahali pamoja. Mungu aliyekuwa mmoja kwa uumbaji sasa alikuwa mmoja kwa ibada pia.

Lugha yenyewe imelichukua swali hili. Neno Mungu, kwa kuwa wingi wake ni miungu, lina umbo la ngeli ya mti, mto na moto. Walakini upatanisho wake ni wa mtu: husemwa Mungu amesema, wala si Mungu umesema. Umbo la neno si ushahidi wa itikadi. Hata hivyo mfano huu wafaa kulipambanua swali la Ngarambe: je, kilichotoka kidimbwini kilikuwa nguvu, ambayo aliyeishika huitumia, au kilikuwa ahadi ya mwenye nafsi, ambaye aweza kutoa na kuzuia?

Majaribu hayakukawia. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, karibu na delta. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakauawa kwa bunduki za mtombo. Gwassa alikadiria ya kuwa vita na njaa iliyofuata viliua watu 250,000 hadi 300,000. Gavana von Götzen, katika kitabu alichokitoa 1909, aliwalaumu waganga. Na kwa wengi tangu hapo habari ya imani hiyo imeishia hapo.

Lakini maswali yalikuwa matatu: kama Mungu yuko, kama alisema kwa kinywa cha Kinjikitile, na kama uwezo wake ulikaa katika maji. Risasi za Mahenge zililijibu la tatu, zikalitia shaka la pili, wala hazikuligusa la kwanza. Tena wengi walisema maji hayakudanganya, ila miko ilivunjwa: wapiganaji walilala na wanawake au walipora mali. Mtu aweza kupinga kwamba ahadi ya namna hiyo haiwezi kukanushwa, kwa maana aliyepona huithibitisha na aliyekufa hulaumiwa. Pingamizi hilo ni zito, lakini halikai Rufiji peke yake. Kila dini ifundishayo ya kuwa dua ina masharti yake yapaswa kulijibu.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha ya kuwa moto hauiunguzi pamba kwa nguvu yake wenyewe, bali Mungu ndiye aumbaye kuungua. Kwa hoja hiyo maji hayana uwezo wala risasi haina. Na aliyeyategemea maji, pamoja na aliyeitegemea bunduki, wote wawili wamekitegemea kiumbe. Ebrahim Hussein, katika mchezo wake wa Kinjeketile uliotolewa 1969, alilileta swali la pili jukwaani: mtu afanyeje akiwa na shaka na neno alilolitoa mwenyewe, na watu wamekwisha kuliamini?

Baada ya vita Uislamu, uliokuwa umekwisha kukaa pwani na katika delta, ulienea sana katika nchi za ndani za kusini. Watu waliacha kijumba-nungu, wakajenga misikiti. Lakini jina la Mungu hawakuliacha. Leo, kuanzia Kibiti mpaka Mohoro, neno lile lile huombewa mvua, mavuno na maiti. Walioshindwa mwaka 1905 hawakukata shauri ya kuwa Mungu hayuko. Walikata shauri ya kuwa hafungiki katika chupa ya maji.