Bao: tafsiri ya kanuni

Kabanga, wilayani Ngara, iko mpakani na Burundi, ambako huchezwa igisoro, mchezo ulio ndugu wa bao. Igisoro na bao la Kiswahili yote yana mashimo 32 na kete 64, na utata huanzia hapo: ubao wenyewe hausemi kete zilizoliwa zirudi wapi. Kwenye bao hutawanywa kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kwenye igisoro, kuanzia pale mzunguko ulioleta ulaji huo ulipoanzia. Wapo wanaodai kanuni zikiandikwa ubishi utakwisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi: wakati wa namua, awamu ya kwanza ya bao, kete ya mwisho ya aliyekula ikiangukia nyumba (shimo lake maalumu la kuwekea kete nyingi), yeye ndiye huchagua kulala (kuishia hapo) au kusafiri (kuendelea kwa kuzitawanya kete za nyumba), na andiko lazima kwanza lieleze nyumba hukoma lini kuwa nyumba. Kwa hiyo kinachopaswa kuamua ni makubaliano yaliyotangulia kete ya kwanza, si ufundi wa anayefaidika.