Kitangari

Kitangari (pia Kitangali) ni kata ya Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, katika Uwanda wa Makonde. Wakazi wake wengi ni Wamakonde, wanaolima korosho kwa biashara na mihogo kwa chakula. Barabara inayopita hapo huiunganisha na mji wa Newala upande mmoja na Mtama, Mkoa wa Lindi, upande wa pili. Mtama iko kwenye barabara kuu ya Mingoyo–Masasi. Kata ina chuo cha ualimu. Kwa kuwa uwanda hauna mito ya kudumu, maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Usafiri na maji ndivyo vinavyoamua maendeleo ya wakazi.