Makinda Madakani, Mamba Mtoni: Historia katika Usomaji wa Ushairi wa Maumbile

1.0 Utangulizi

Mtaa wa Ayany umo Kibera, jijini Nairobi, na jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Baadhi ya wanafunzi wetu huishi huko. Mmoja wao aliulizwa katika semina ataje dhamira ya shairi la Abdilatif Abdalla liitwalo "Mamba". Alijibu bila kusita kwamba mamba ni mtawala dhalimu. Jibu hilo haliwezi kukosolewa. Hata hivyo, tulipomwuliza amelifikiaje, na shairi lenyewe linamtia hisia gani, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba ndivyo alivyofundishwa.

Makala haya yamechochewa na kimya kile. Tunakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi anayeanza na dhamira huwa amelipita shairi bila kuingia ndani yake. Hoja tunayoitetea ni moja: katika ushairi wa Kiswahili unaohusu maumbile, hali ya shairi huzaliwa pale taswira inapokutana na historia, na dhamira hufuata baadaye. Ili kuithibitisha hoja hiyo tutachunguza tungo mbili zilizotenganishwa na zaidi ya karne moja na nusu, kisha tutarejea Kibera.

2.0 Istilahi na mpangilio wake

Kwa taswira tunamaanisha picha inayojengwa na maneno akilini mwa msomaji. Kwa hali tunamaanisha hisia inayotawala shairi zima, iwe ni huzuni, furaha, hofu, kejeli au utulivu. Dhamira ni wazo kuu ambalo shairi hulitolea hukumu. Vitabu vingi vya kiada huanza na dhamira na kumalizia na taswira, kana kwamba taswira ni pambo lililoongezwa baada ya wazo kukamilika. Mpangilio huo unafaa kwa anayesahihisha mitihani. Kwa msomaji, safari huanza upande wa pili.

Wapo wahakiki watakaouliza: je, taswira haijitoshelezi? Mwaka 1929 I. A. Richards wa Cambridge alichapisha matokeo ya jaribio lake la kuwapa wanafunzi mashairi yasiyo na majina ya watunzi wala tarehe, wayasome kama yalivyo. Jaribio hilo lilileta faida kubwa, kwa kuwa liliwafundisha wengi kuyakazia macho maneno yenyewe badala ya sifa za mtunzi. Hatulikatai funzo hilo. Tunachosema ni kwamba kuna taswira ambazo, zikivuliwa historia yake, hubadilika hali kabisa. Utungo wetu wa kwanza ni ushahidi wa jambo hilo.

3.0 Al-Inkishafi: makinda katika madaka

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga utenzi wa Al-Inkishafi wakati fahari ya Pate, mji wa visiwa vya Lamu, ilipokuwa imekwisha kuporomoka. Anauhutubia moyo wake mwenyewe, akiuonyesha majumba ya matajiri waliopita. Katika sehemu mashuhuri ya utenzi huo, viumbe wa porini wamehamia ndani ya nyumba. Bundi wanakoroma humo, wadudu wanalia, na katika madaka ya ukutani wamelala makinda ya ndege.

Tuitazame taswira hii ya mwisho peke yake. Makinda yaliyolala katika kitundu cha ukuta ni picha ya upole. Msomaji aliyepewa picha hiyo bila zaidi angeweza kusema, tena kwa haki, kwamba hali yake ni ya utulivu na huruma. Lakini madaka katika nyumba za mawe za pwani yalikuwa mahali pa kupangia vyombo vya kauri vilivyosafirishwa kutoka ng'ambo, alama ya utajiri na ya uhusiano wa miji hiyo na biashara ya Bahari ya Hindi. Kinda limelala palipokuwa na sahani. Mara tu msomaji anapolijua hilo, upole wa picha unageuka kuwa majonzi, na majonzi yanageuka kuwa ibra. Hapo ndipo dhamira inapojitokeza: dunia haina dhamana, na moyo usiojiandaa kwa ajili ya Akhera umejidanganya.

Katika mfano huu, historia haikuongeza maelezo ya pembeni tu. Ndiyo iliyoleta hali, na bila hali hiyo dhamira ingebaki kuwa wasia mkavu.

4.0 "Mamba": kiburi na subira

Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, "Kenya: Twendapi?", alichokiandika mwaka 1968 kuikosoa serikali ya wakati huo. Aliachiliwa mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani, yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. "Mamba" limo humo. Mtunzi anakiri mapema kwamba analitega fumbo, na kuwaachia wasomaji kazi ya kulifumbua. Kisha anatuonyesha mamba aliye mtoni, anayejivuna na kudhani kwamba ataishi milele.

Mwanafunzi wetu aliruka kutoka kwa mamba hadi kwa mtawala kwa hatua moja. Hatua aliyoiacha ni ya hali. Mamba kwa desturi ni taswira ya hofu, nasi tungetazamia shairi la mfungwa kumhusu mamba liwe shairi la woga. Sivyo lilivyo. Mnyama huyu hakuonyeshwa akirarua windo, bali akijigamba, na anayejigamba kwamba hatakufa amekwisha kujiweka mahali pa kuchekwa. Hali inayotawala ni kejeli iliyochanganyika na subira. Tukikumbuka sasa kwamba maneno haya ni ya mtu aliyefungiwa ukutani, asiye na silaha nyingine, subira hiyo inapata uzito ambao shairi lisilo na tarehe haliwezi kuubeba. Dhamira yake, kwa hiyo, ni pana kuliko kusema kuwa mtawala ni dhalimu: inadai kwamba dhuluma ina mwisho, na kwamba aliye chini yake anaweza kuujua mwisho huo kabla ya dhalimu mwenyewe.

Hatuna budi kutoa tahadhari hapa. Kanuni hii haimruhusu msomaji kugeuza kila mnyama kuwa waziri na kila mti kuwa taifa. Mamba lazima kwanza awe mamba, mwenye mto wake. Fumbo lisiloheshimu uso wake wa nje si fumbo tena.

5.0 Kibra: msitu katika jina

Turejee Kibera. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, ambao wazao wao ndio Wanubi wa Kenya, waliwekwa katika ardhi hiyo yenye miti mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Wanubi walipokabidhiwa hati ya jumuiya mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Pate iliona pori likiingia nyumbani, ilhali Kibera nyumba ziliingia msituni, na jina likabaki kuwa ushahidi.

Kando ya Kibera lipo Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na kulishwa na mto Motoine. Palikuwa pahali pa kuvulia samaki na kuendeshea mashua. Baadaye taka na tope vililijaza, na kwa miaka mingi gugumaji likautandaa uso wake. Mwanafunzi yule alirudi katika semina nyingine akasema: "Mwalimu, gugu lile hutoa ua la zambarau. Anayepita barabarani huliona zuri. Bibi yangu, aliyeyaona maji, hawezi kulitazama." Hakuwa amesoma nadharia yoyote, lakini alikuwa ameyafikia makinda ya Pate kwa njia yake mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mpangilio wa usomaji unaanza na taswira, unapitia historia ili kuifikia hali, na hatimaye unaishia katika dhamira. Dhamira ya kukariri inaweza kuwa sahihi, lakini si mali ya msomaji. Tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba swali la kwanza darasani lisiwe "Shairi linahusu nini?" bali "Unaona nini, na nani alikiona kabla yako?" Mwanafunzi wa Ayany, anayeishi katika msitu uliobaki jina, ana jibu la swali hilo.